Miti Yangu Kumi na Miwili

Riwaya yangu ilikuwa na kurasa 210, majambazi saba, simba watatu na msitu mmoja. Majambazi nawajua, maana nimekulia Manzese. Simba niliwaona kwenye kalenda ya duka la dawa. Lakini msitu, ndugu msomaji, nilikuwa sijapata kuutia machoni, labda uniambie kwamba ile mikoko ya pale Salenda nayo ni msitu.

Jambo hilo halikuninyima usingizi hata siku moja. Uandishi nilijifunza kwa kusoma vitabu vya Elvis Musiba na Ben Mtobwa, nakala zilizochoka, nyingine hazina majalada, nilizokuwa nikinunua kwa wauza vitabu wanaotandaza chini. Huko nilijifunza mbio, bastola, na namna ya kumaliza sura msomaji akiwa roho juu. Msitu niliutunga mwenyewe. Katika sura ya tisa shujaa wangu anakimbilia ndani ya "msitu mnene wenye giza totoro" akiwa na binti wa watu mkononi. Maneno hayo niliyatumia mara sita katika kurasa kumi na moja. Nilihesabu baadaye. Wakati ule niliyaona matamu kama haluwa.

Kidato cha nne nilimaliza mwaka 2015, nikaambulia divisheni foo. Tangu hapo niko kwenye steshenari moja ya mtaani: natoa fotokopi, nachapa barua za kuomba kazi za watu wenye vyeti kunizidi. Jioni, tajiri akishafunga hesabu, ananiachia kompyuta, kwa sharti kwamba karatasi nanunua mwenyewe. Hivyo ndivyo riwaya ilivyoandikwa. Bei ya rimu moja naijua kama wengine wanavyojua bei ya unga.

Sasa, kila anayeandika anajua ugonjwa wetu. Ukishaweka nukta ya mwisho unataka kuona jina lako juu ya jalada, na unataka leo. Wachapishaji wawili niliowapelekea mswada hawakunijibu. Nikaenda kwa mpiga chapa mmoja mjini, akaupima mswada kwa mkono kama anapima nyama, akasema: nakala 200, shilingi 800,000, nusu mkononi kabla mashine haijawaka. Mimi nilikuwa na akiba ya 85,000, na hiyo baada ya kujinyima chipsi miezi minne.

Mama ndiye aliyenikumbusha. Tulikuwa tunakula, mimi nalalamika kama kawaida yangu, naye akasema bila kuinua uso kwenye sahani:

"Si una miti yako Lushoto?"

Nilikuwa nimeisahau kabisa. Baba alikuwa dereva wa lori la kabichi, Lushoto na Kariakoo, Kariakoo na Lushoto, mpaka alipofariki mwaka 2008. Mimi nilizaliwa mwaka 1998, mara baada ya zile mvua kubwa za El Nino. Mvua zilikuwa zimemega ukingo wa shamba la babu, na baba akapanda mikaratusi kumi na miwili ili kushika udongo. Akatangaza mbele ya ndugu kwamba miti hiyo ni ya mtoto aliyezaliwa. Mara ya mwisho kuiona nilikuwa na miaka kumi, siku ya mazishi, na siku ile sikutazama miti.

Nikachukua kalamu. Mkaratusi wa miaka 24 ni mti mzima, ni nguzo, ni mbao. Nikauliza uliza, nikaambiwa mmoja hauwezi kukosa elfu hamsini au sitini. Kumi na miwili mara sitini. Usiku ule nililala nikiwa tayari nimeshachapishwa.

Steshenari yetu hufunga mwisho wa mwaka, kwa sababu wateja wake ni shule na maofisi. Basi wiki ya mwisho ya Desemba 2022 nikaenda.

Sisi watu wa pwani neno kaskazi tunalitumia kwa mambo matatu. Ni upande wa juu wa ramani. Ni upepo unaovuma kutoka huko kuanzia Desemba hadi Machi. Na ni lile joto lenyewe linalokuja na upepo huo, joto la kulala na shuka lililoloweshwa maji. Kwa hiyo naweza kusema nilikwenda kaskazini wakati wa kaskazi, na kaskazi ilinisindikiza mpaka mlangoni mwa basi pale Mbezi Luis, saa kumi na moja alfajiri, shati tayari limenata mgongoni. Kwenye begi nilikuwa na nguo mbili, mswada ndani ya mfuko wa nailoni, na koti la kuazima ambalo nililionea aibu.

Safari ni ndefu lakini si ya kusimulia: Chalinze, Segera, Korogwe na mashamba yake ya mkonge yaliyopangwa mistari mithili ya daftari la hesabu. Mombo jua lilikuwa linawaka vile vile. Pale basi likakunja kulia likaanza kupanda. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, na sidhani kama kuna moja iliyonyooka. Upande mmoja mwamba, upande wa pili bonde, chini mto. Masikio yaliziba, yakazibuka. Tulipopita maporomoko ya Soni abiria walianza kufunga madirisha. Tulipofika Lushoto nilivaa koti la kuazima, na aibu ikanitoka. Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal, wakaupenda kwa sababu uliwakumbusha kwao. Mimi ulinikumbusha ndani ya friji.

Kijiji cha babu kiko juu zaidi, njia ya kwenda Shume, msitu wa Magamba ukiwa jirani. Gari dogo lilinishusha njia panda alasiri. Babu alikuwa amesimama pale na fimbo, kofia ya kufuma kichwani, amekonda lakini amenyooka.

"Onga mshi," akasema.

"Marahaba, babu," nikajibu.

Watoto waliokuwa karibu wakacheka mpaka wakakaa chini. Mzee alikuwa amenisalimia kwa Kisambaa, salamu ya mchana, na mimi nimepokea shikamoo ambayo hakuna aliyenipa. Nikainama haraka nikampa shikamoo yake. Aliipokea, akanishika mkono akaushikilia njia nzima, kana kwamba angeniachia ningerudi Dar.

Bibi yeye aliniita mume wangu tangu mlangoni. "Mume wangu kaja, huyu mzee sasa ahamie zizini." Jioni tulikula makande tukiota moto, moshi ukiniliza, nao wakinitazama kwa furaha iliyonifanya nijione mwizi. Nilikuwa nimekuja kwa dili moja tu, na dili hilo lilikuwa mfukoni mwa koti, limeandikwa kwa kalamu: 12 × 60,000 = 720,000. Siku tatu nilizuga. Nilisema nimekuja kupumzika. Nilisema nataka kuuona msitu, kwa sababu naandika kitabu.

"Kitabu cha msitu?" babu akauliza.

"Kuna msitu ndani yake."

Siku ya nne, baada ya sala ya alfajiri, tukaondoka.

Ndugu msomaji, sasa nataka nikueleze kitu kilichonitokea, na nitakieleza bila mapambo kwa sababu mapambo ndiyo yaliyoniponza. Niliingia katika msitu wa kweli nikiwa na msitu wangu kichwani, na dakika kumi hazikupita nikaanza kusahihisha.

Kwanza, giza totoro halikuwapo. Kulikuwa na mwanga, ila mwanga wenyewe ni wa kijani, kama ule unaouona ukitazama jua kupitia chupa ya soda. Pili, hakukuwa na ukimya. Matone yalikuwa yanadondoka kila mahali ingawa mvua hainyeshi. Nikauliza. Babu akaelekeza fimbo juu: ukungu. Unapita, majani yanaukamata, unageuka maji, unashuka. Baadaye nilikuja kusoma kwamba milima ya Usambara ni sehemu ya mlolongo wa milima ya kale unaoitwa Tao la Mashariki, kutoka Taita kule Kenya mpaka Udzungwa, na kwamba unyevu unaoilisha misitu yake unatoka Bahari ya Hindi. Bahari ile ile inayotutoa jasho sisi huku chini. Shuka lililolowa la Manzese na tone lililoniingia shingoni Magamba ni watoto wa mama mmoja.

Tatu, hapakuwa pori la kupotea. Kulikuwa na njia, na njiani watu: akina mama wawili na mizigo ya kuni zilizokauka, kijana na ng'ombe aliyekuwa akimpitisha pembezoni. Wote walimsalimia babu kwa jina. Shujaa wangu katika sura ya tisa alipotea siku mbili bila kukutana na kiumbe. Hapa angeshaulizwa mara tano anatoka ukoo gani.

Babu alikuwa anatembea na kutaja. Hakuwa ananifundisha. Alikuwa anawasalimia. Akafika kwenye mti mmoja mnene, gome limepasuka pasuka, akachubua kipande kidogo kilichokuwa kinaning'inia, akakisugua, akanipa ninuse. Harufu ilinipanda mpaka kwenye paji la uso. Ilikuwa kama dawa ya kuchua, au sanduku la nguo la zamani.

"Mkulo," akasema. "Huu ndio ulionilea."

Hatua chache mbele akanionyesha shimo. Lilikuwa limejaa majani na feni, mtu asiyejua angedhani ni korongo. Zamani, kabla sheria hazijakaza na eneo halijawa hifadhi, babu alikuwa mpasua mbao. Gogo hulazwa juu ya shimo, mtu mmoja anasimama juu yake, mwingine anaingia chini, na msumeno mrefu unakwenda kati yao kutwa nzima. Wa juu anafuata mstari. Wa chini anakula vumbi. Babu alikuwa wa chini miaka mingi, ndiyo maana kifua chake mpaka leo kinapiga filimbi usiku.

"Mbao zilikuwa zinakwenda wapi?"

"Kwenu," akasema. "Milango ya Dar es Salaam ile ya zamani, gusa. Mingine nimeipasua mimi."

Hakusema kwa majivuno, wala kwa majuto ya kujionyesha. Alisema tu kwamba kabla yao walikuwapo Wajerumani, waliojenga njia ya waya kutoka huko Shume hadi kwenye reli pale Mkumbara, ili kuteremsha magogo ya mtarakwa yakining'inia hewani. Baba yake alimsimulia. "Kila aliyekuja alikuta mingi, akaacha michache. Na mimi nimo."

Tukiwa tumekaa pale nikasikia matawi yanachapana juu. Mbega. Walikuwa wanne au watano, weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani kama wazee waliovaa joho, wakituangalia kwa dharau. Babu akacheka. Akanisimulia habari ya Mbega mwingine, mwindaji aliyetoka Nguu na mbwa wake baada ya kufitinika na ndugu zake, akawa anawagawia watu nyama ya nguruwe mwitu, akaua simba, mwisho Wasambaa wakamfanya mfalme na ukoo wa Wakilindi ukaanza. Alisimulia kama jambo la juzi. Nilidhani ni hadithi ya babu yangu peke yake. Niliporudi Dar ndipo nikajua kwamba iko kitabuni, *Habari za Wakilindi*, kilichoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mimi nilikuwa natafuta msitu kwenye kalenda ya duka la dawa, kumbe mwenzangu alishauandika kabla babu yangu hajazaliwa.

Usiku ule nilifanya kosa, au labda ndilo jambo la maana pekee nililolifanya safari nzima. Bibi aliuliza kitabu changu kinahusu nini. Nikatoa mswada, nikasogea kwenye moto, nikawasomea sura ya tisa.

Nilisoma yote, kurasa kumi na moja. Sauti ilianza kwa mbwembwe, ikaishia kwa kunong'ona. Nilipomaliza moto ulisikika peke yake. Kisha babu akasafisha koo.

"Huyo kijana wako kapanda mti. Mti gani?"

"Mti mrefu, babu."

"Mrefu wa jina gani? Mkulo mkubwa hauna tawi la chini. Atapandia wapi, na binti kamshika?"

Nikakaa kimya.

"Na simba," akaendelea, kwa upole kabisa, kama daktari. "Wamefuata nini huku juu? Nguruwe mwenyewe anatetemeka."

"Wamekuja kununua kabichi," bibi akasema, na wote wawili wakacheka mpaka babu akakohoa.

Mimi pia nilicheka, lakini ilikuwa kile kicheko cha mtu aliyekanyagwa kwenye daladala. Ndipo bibi akauliza swali lililonimaliza. Hakuuliza kwa utani.

"Huyo binti kalala msituni siku mbili. Mbona hakulowa?"

Kurasa 210, na hakuna mtu hata mmoja katika riwaya yangu aliyewahi kulowa. Hakuna aliyesikia baridi. Waliumia kwa risasi tu. Nilikunja mswada nikaurudisha kwenye nailoni. Babu akaona.

"Usinune," akasema. "Unasoma vizuri. Marehemu alikuwa akirudi na lori ananiletea gazeti la Dar, ananisomea hapo hapo ulipokaa. Sauti ni hiyo hiyo."

Sikuweza kujibu. Nililala na maneno hayo, na sijui kama nililala.

Asubuhi nikaamua kusema. Nilikuwa nimejiandaa kubishana: miti ni yangu, baba alisema mbele ya ndugu, maisha ya mjini ni magumu. Nilijiona nitaonekana mjukuu muovu anayekuja kukata miti ya marehemu ili atoe kitabu cha simba wa kalenda. Nikasema yote kwa pumzi moja, nikimtazama kuku badala ya babu.

"Najua," mzee akasema. "Hakuna anayeacha pwani akaja kuota baridi bure. Nilikuwa nakungoja."

"Unaningoja mimi?"

"Miaka sita sasa. Twende."

Akaniteremsha bondeni, nyuma ya shamba la mahindi. Miti yangu ilikuwa pale, myeupe, minyoofu, mirefu hata shingo iliuma. Sitasema uongo, niliona fahari. Lakini babu hakuwa anatazama juu. Alikuwa anatazama chini, mahali ambapo akina mama sita walikuwa wamekaa na ndoo, wakiongea. Kati yao kulikuwa na bomba fupi la mwanzi lililochomekwa kwenye ukingo, na ncha ya mwanzi huo ilikuwa inatoa maji membamba kama uzi wa viatu.

Hiyo ndiyo chemchemi ya mtaa wao. Miaka ile baba alipopanda, hakuna aliyefikiria. Ukingo umemomonyoka, mkaratusi unakua haraka, basi. Mti huo asili yake ni Australia, na unakunywa maji kuliko mlevi anavyokunywa pombe. Siku hizi maofisa misitu wanawaambia watu waziwazi wasiupande kwenye vyanzo vya maji. Babu alitaka ikatwe tangu zamani. Majirani walimwomba, na mwenyekiti wa kitongoji alikuja mara mbili.

"Sasa kwa nini hukukata?"

Akanishangaa. "Ni yako. Mti wa mtu nitaukataje?"

"Ungenipigia simu!"

"Nikwambie nini? Kwamba miti aliyokuachia baba yako ni mibaya? Maneno hayo hayasemwi kwenye simu. Mtu anakuja, anaona."

Akina mama walikuwa wamenyamaza. Wakanisalimia. Mmoja wao, mtu mzima, akaniuliza kama mimi ndiye mwenye miti. Nikasema ndiyo. Akasema, bila ukali wowote, kwamba huwa wanamaliza salamu, wanamaliza umbea, wanaanza kusengenya hata waliokufa, na ndoo bado haijajaa. Wakacheka. Mimi nikawa natazama viatu vyangu vya mjini. Miaka sita watu walikuwa wamekaa pale chini ya jina langu, wakingoja kijana wa Manzese ambaye alikuwa bize kuandika msitu.

Nilikuja nikidhani nitawaumiza wazee kwa kukata miti. Kumbe niliwaumiza kwa kutokuja.

Mnunuzi alipatikana kwa siku moja, alitoka Lushoto mjini, akabishana nami mpaka tukakubaliana 55,000 kwa mti. Mmoja uliokuwa mbali na maji, karibu na zizi, babu akaomba ubaki, maana ndio kivuli cha mbuzi wake. Kwa hiyo ikawa kumi na mmoja. Vijana wawili walikuja na chenso. Kila mti ulipoanguka ardhi ilipiga kifuani, na harufu kali ya majani ikajaa bonde zima. Nililia kwa wa kwanza. Nilijisingizia moshi wa mashine. Ilipofika wa tano nilikuwa nasaidia kukata matawi, na viganja vimeshachubuka.

Tulipomaliza bonde lilibaki wazi kama kinywa kilichong'olewa meno. Babu akaleta vipande vya mkuyu, tukavichomeka kuzunguka chemchemi, kwa sababu mkuyu na maji, anasema, wanasikilizana. Kisha akanionya kuhusu visiki. Mkaratusi haukubali kufa. Ukiukata unachipua, na machipukizi yanakuwa mengi kuliko mti wenyewe, inabidi uyakwanyue kila mara, mwaka baada ya mwaka. "Hiyo kazi nitaifanya mpaka nishindwe," akasema. "Nikishindwa utaijua ni ya nani."

Ngawira ilikuwa 605,000. Babu alikataa kupokea, bibi hakukataa: 150,000 zikawa bati na blanketi. Mama nilimpelekea 100,000. Zikabaki 355,000, ukijumlisha na akiba yangu ni 440,000. Nusu ya malipo ya mpiga chapa ilikuwa 400,000. Hesabu ilitimia, na chenji inabaki.

Nilikwenda. Nisiwadanganye kwamba sikwenda. Jumatatu ya pili ya Januari 2023 nilikuwa kwenye benchi pale kiwandani, joto limerudi mahali pake, noti ndani ya soksi. Yule bwana akauliza kama aanze kesho. Nikamwomba mswada niutazame kidogo. Nikafungua sura ya tisa. "Msitu mnene wenye giza totoro." Nikafunga. Nikafungua sura ya nne, ambayo iko Manzese, kwetu, mahali ninapopajua. Nikasoma ukurasa mzima nikitafuta mtu mmoja aliyelowa. Manzese, ambako mvua ya masika inaingia mpaka uvunguni! Hakuna. Hata kwetu nilikuwa sijafika.

Nikamwambia anipe wiki mbili.

Wiki mbili hizo hazijaisha mpaka leo. Pesa zile zilikwenda zinakokwenda pesa zote, kwenye kodi ya chumba, na kwa miezi mitatu nilikaa bila kudaiwa, nikaandika upya. Simba wameondoka wote watatu. Majambazi wamebaki wawili, na mmoja ana kikohozi. Sura ya tisa ina mkulo sasa, na shimo, na mtu aliye chini ya gogo akila vumbi, na huyo ndiye amegeuka kuwa shujaa. Kurasa zimepungua zikawa 140. "Giza totoro" bado linachipua hapa na pale, nami nalikwanyua.

Wenzangu mnaosoma gazeti hili, najua wengi wenu mnayo miswada ndani ya nailoni. Sina ushauri mkubwa. Ninalo swali la bibi tu, nalo nawapa bure: je, kuna aliyelowa?

Wiki iliyopita nilimpigia simu babu. Nilitaka kumsomea kurasa mbili mpya, akasema nisubiri, simu si mahali pa kusomea, niende mwenyewe Desemba. Nikamuuliza habari za chemchemi. Mzee hapendi kutia chumvi. Akasema hawezi kusema kwamba imerudi kama zamani, mikuyu bado midogo. Akafikiri kidogo, nikasikia kifua chake kinapiga filimbi.

"Ila bibi yako analalamika," akasema. "Ndoo inajaa kabla hawajamaliza umbea."